LDL imekataa kushuka? Mwongozo kamili wa kuchanganya dawa za kolestro

Juzi baada ya swala ya alasiri kaingia mzee mmoja kwenye duka la dawa ninakofanya kazi hapa Majengo, ana kikapu chake cha ukili, akakiweka juu ya kaunta akaniambia mwanangu hebu nitazamie hizi dawa, nameza tembe nyingi na kolestro haishuki. Nikamwamkia, nikamwambia mzee tuzitoe moja moja. Boksi la kwanza jeupe, atorvastatini miligramu 40, kaandikiwa kliniki moja. La pili rangi ya chungwa, jina la kampuni limeandikwa kubwa mbele, na chini kwa herufi ndogo ndogo za kutafutwa na miwani: atorvastatini miligramu 20, kaandikiwa kliniki nyingine. Yani dawa ni ile ile moja yavaa kanzu mbili, na yeye azimeza zote, moja asubuhi moja usiku. Halafu chini kabisa ya kikapu kukatoka boksi la tatu, halijafunguliwa hata ule utepe wake. Ezetimibi miligramu 10. "Hiyo niliiacha," akasema, "nikaona hizi mbili zatosha."

Mzee huyu alishapata kiharusi. Mkono wa kushoto bado mzito, tembe azibinya zitoke kwa dole gumba la kulia huku karatasi kaishikilia kwa kiwiko. Mtu kama huyu hana nafasi ya kubahatisha. Na kile alichofanya ndicho nakiona mara nyingi sana hapa kaunta, ile aliyoiongeza haikuwa na haja na ile aliyoiacha ndo ilikuwa yatakiwa. Ndo maana nimekaa chini kuandika haya yote kwa kirefu.

Kabla sijaendelea, majina ya dawa nayaandika kwa matamshi yetu, kwenye boksi utayaona karibu sawa sawa. Na haya yote ni ya kukusaidia ukae na daktari wako muelewane, si ya kujiandikia dawa nyumbani. Dozi inapangwa na anayejua ini lako, figo zako na dawa zako zingine.

Kwanza, kwa nini dawa mbili

Sisi wa Mombasa mambo ya tangi la maji tunayajua kwa hivyo nitaeleza kwa tangi. Chukulia damu yako ni tangi na kolestro (wengine huita lehemu) ndo maji. Yaingia kwa njia mbili. Njia moja ni mfereji wa nyumbani, na mfereji ni ini, ini lenyewe latengeneza kolestro usiku na mchana hata kama hukugusa mafuta. Njia ya pili ni mkokoteni wa mitungi, haya ni matumbo, yafyonza kolestro ya chakula na pia ile iliyoshuka na nyongo, manake ini lamwaga kolestro kwenye nyongo, nyongo yashuka tumboni, halafu kiasi kikubwa chafyonzwa tena kurudi mwilini. Na tangi lina bomba la kutolea. Kwenye ini kuna vipokezi, vitu kama mikono, vinavyoikamata LDL, ile kolestro mbaya inayoziba mishipa, ikipita kwenye damu na kuitoa. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani ndo waliovigundua wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Statini, yani kundi la dawa kama ile atorvastatini ya mzee, yafunga mfereji. Ini likiona kolestro yake imepungua latoa vipokezi zaidi nje kuivuta LDL kutoka kwenye damu, kwa hivyo yafunga kuingia na kufungua kutoka kwa pamoja, ndo maana ina nguvu hivyo. Aliyeanza kuipata kemikali ya aina hii ni Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970, kutoka kwenye ukungu, ule ukungu wa kawaida tu unaoota kwenye vyakula. Statini ya kwanza kuuzwa ilitoka mwaka 1987.

Sasa ukifunga mfereji watu wa nyumbani hufanya nini? Waita mkokoteni. Na mwili ni hivyo hivyo, ukimeza statini matumbo yaongeza kufyonza. Hapo ndipo ezetimibi yaingia, yenyewe kazi yake ni kumzuia mwenye mkokoteni mlangoni. Haigusi mfereji kabisa. Dawa mbili, kazi mbili.

Na hii hapa ndo namba ambayo ningependa kila mgonjwa aijue: ukiongeza statini maradufu, toka 10 kwenda 20, toka 20 kwenda 40, LDL yashuka kama asilimia 6 tu zaidi. Sita. Mtu adhani akimeza mara mbili itashuka mara mbili, wala. Lakini ukiweka ezetimibi juu ya statini ile ile bila kuiongeza, yashuka asilimia 20 hivi au zaidi kidogo ya pale ulipofika. Yule mzee wangu na zile atorvastatini zake mbili alikuwa akiukaza mfereji ambao ushafungwa tayari na mkokoteni wapita mlango wa nyuma.

Hatua ya 1: ijue namba yako na namba unayoitafuta

Ukienda maabara utapewa karatasi ina mistari minne: kolestro yote, HDL (ile nzuri), LDL, na trigliseridi. Watu wengi huniletea ile ya jumla, "kolestro yangu ni 6". Hiyo weka kando. Inayotibiwa ni LDL, na trigliseridi tutaiongelea baadaye peke yake.

Usiridhike ati karatasi imeandikwa ni ya kawaida. Kawaida ya nani? Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya 2019 inapanga hivi: aliyeshapata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa LDL yake iwe chini ya 1.4, na pia iwe imeshuka angalau nusu ya ilivyokuwa kabla ya dawa. Mwenye hatari kubwa, kama wengi wenye sukari ya miaka mingi, chini ya 1.8. Wa hatari ya wastani chini ya 2.6. Kwa hivyo LDL ya 2.7 ambayo kwa kijana mzima haina neno, kwa yule mzee wa kiharusi ni karibu mara mbili ya anayotakiwa kuwa nayo, na karatasi ya maabara haijui kama ana kiharusi.

Hizo namba ni za mmol/L. Ukipewa karatasi ya miligramu (mg/dL), labda ndugu kapimwa India au Marekani, gawanya LDL kwa 38.7 upate mmol/L. Mfano 100 ni 2.6, na 70 ni 1.8.

Na itafute ile karatasi ya kwanza kabisa, ya kabla hujaanza dawa yoyote. Daktari aihitaji. Kama LDL yako ya mwanzo ilikuwa 4.9 au zaidi, na kwenu kuna mwanamume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 60, uliza kuhusu kolestro ya kurithi. Hiyo inampata kama mtu mmoja kati ya 250 na haina uhusiano na unono, utamkuta mtu mwembamba anakimbia pale ufukweni Mama Ngina kila alfajiri na LDL yake iko 7. Hao karibu wote huishia dawa zaidi ya moja, na watoto wao wafaa kupimwa.

Hatua ya 2: hakikisha statini yenyewe inafanya kazi kabla hujaongeza

Hii hatua watu huruka na ndo yenye siri kubwa. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, jiulize kama imemezwa. Mi huuliza hivi, umeruka siku ngapi wiki hii? Siulizi kama anameza, manake kila mtu atasema ameza. Jibu huwa siku tatu, nne, "nilisafiri", "ziliisha nikangoja mwisho wa mwezi". Hapo hakuna haja ya dawa ya pili, haja ni kumeza ya kwanza.

Halafu tazama nguvu. Atorvastatini 40 au 80, na rosuvastatini 20 au 40, hizi zashusha LDL kwa nusu au zaidi. Atorvastatini 10 au 20, rosuvastatini 5 au 10, simvastatini 20 au 40, hizi zashusha kati ya asilimia 30 na 49. Ukiwa kwenye simvastatini 20 na umepata mshtuko wa moyo, mara nyingi daktari atakubadilishia statini yenye nguvu zaidi pamoja na kufikiria dawa ya pili.

Angalia pia vinavyopandisha. Tezi ya shingo ikifanya kazi pole pole yapandisha LDL, na ikitibiwa LDL yashuka yenyewe. Na chakula, simwambii mtu wa Pwani aache samaki wa kupaka, lakini tui zito kila siku, asubuhi mbaazi za nazi jioni wali wa nazi, na kati hapo viazi karai na mahamri ya mafuta yaliyochemshwa mara kumi, hiyo LDL itapigana na dawa zako. Mafuta ya nazi yapandisha LDL, ati kwa sababu ni ya asili hayadhuru, hapana. Punguza tui, samaki mchome, mbaazi mara moja moja zichemshe kwa kitunguu na nyanya.

Ndimu na thaumu? Kula kama chakula, thaumu huweza kushusha kidogo sana kwa baadhi ya watu, lakini usibadilishane nayo na tembe.

Hatua ya 3: ongeza ezetimibi

Kama statini unaimeza sawa sawa na bado hujafika, hii ndo dawa ya pili kwa watu wengi. Dozi ni moja tu, miligramu 10 mara moja kwa siku, hakuna ya 20 hakuna ya 40, kwa hivyo usijiongezee. Wakati wowote, umekula hujala, haijalishi.

Nikupe hesabu. Tuseme LDL yako ya mwanzo ilikuwa 4.6. Rosuvastatini 10 yaishusha asilimia 45 hivi, wafika kama 2.5. Ukienda 20 wafika kama 2.2 au 2.3. Ukibaki 10 hiyo hiyo lakini ukaweka ezetimibi wafika kama 1.9 au 2. Umeona? Dawa ya pili imekupa zaidi ya dozi maradufu. Ukiwa na 20 pamoja na ezetimibi wafika kama 1.8. Hizi ni makadirio, miili hutofautiana, lakini mpangilio wake ni huo.

Na kushuka huko si mapambo ya karatasi. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa, IMPROVE-IT, watu zaidi ya 18,000 waliokuwa wametoka kwenye matatizo ya ghafla ya moyo, nusu wakapewa simvastatini peke yake na nusu simvastatini na ezetimibi. Kwa miaka saba matukio ya moyo na kiharusi yalikuwa asilimia 34.7 kwa wa dawa moja na 32.7 kwa wa dawa mbili. Utasema tofauti ni mbili tu. Ndio, lakini ni watu wawili katika kila mia ambao hawakurudi wodini, na LDL za makundi yote mawili zilikuwa chini tayari, 1.8 na 1.4. Halafu 2022 Wakorea wakatoa wao, RACING, watu 3,780, rosuvastatini 10 na ezetimibi ikilinganishwa na rosuvastatini 20 peke yake. Baada ya miaka mitatu mioyo ilikingwa sawa, lakini waliokuwa na mchanganyiko LDL zao zilishuka zaidi na wachache zaidi ndo walioacha au kupunguziwa dawa kwa sababu ya kuwasumbua. Hiyo kwangu mi ni habari kubwa, kwa sababu dawa nzuri kuliko zote ni ile mtu anayoendelea kuimeza.

Siku hizi zipo tembe zilizounganishwa, statini na ezetimibi ndani ya moja. Nzuri kwa anayesahau au mwenye mkono kama wa yule mzee, karatasi moja ya kubinya badala ya mbili. Lakini linganisha bei kwanza, uliza ya pamoja ni shilingi ngapi na zikitengwa ni ngapi, na usione haya kuuliza, dawa hii ni ya miaka si ya wiki. Na ukipewa ya pamoja ile statini ya zamani nyumbani iondoe, usije ukawa wameza mbili kama mzee wetu.

Hatua ya 4: bado hujafika

Hapa ni pa daktari wa moyo zaidi kwa hivyo nitapita haraka.

Iko tembe yaitwa asidi ya bempedoiki, yazuia kule kule kwenye kiwanda cha ini lakini hatua ya juu kidogo kuliko statini, na yawashwa ndani ya ini tu, kwenye msuli haiwashwi, kwa hivyo yawafaa wale ambao misuli yawauma kikweli na statini. Mwaka 2023 utafiti uliofanywa kwa watu wasioweza statini ulionyesha yapunguza matukio ya moyo. Yapandisha asidi ya yuriki, kwa hivyo mwenye gauti amwambie daktari mapema. Na haichanganywi na simvastatini zaidi ya miligramu 20.

Ziko sindano, evolokumabu na alirokumabu, zachomwa chini ya ngozi kila wiki mbili, na juu ya statini zashusha LDL kama asilimia 60 zaidi. Nguvu yake ni kubwa sana na bei yake pia. Zakaa frijini, nyuzi 2 mpaka 8, na joto letu la Januari na stima ikipotea saa sita mchana unajua lile friji linavyokuwa, kwa hivyo kabla hujanunua panga zitakaa wapi na nani ana jenereta. Iko pia inklisirani, hii ni ya kliniki, ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, halafu moja kila miezi sita.

Niasini, ile vitamini B3 ya dozi kubwa, zamani iliongezwa sana juu ya statini. Tafiti mbili kubwa, 2011 na 2014, zilionyesha haiongezi kinga yoyote kwa anayemeza statini na madhara yake ni mengi. Ukiiona mahali yauzwa kama dawa ya kolestro pita nayo mbali.

Hatua ya 5: trigliseridi ni kesi nyingine

Trigliseridi ni mafuta mengine, na yakipanda chanzo mara nyingi ni sukari isiyodhibitiwa, pombe, soda na juisi, uzito. Dawa ya kwanza ya trigliseridi ya mwenye sukari ni kuishusha sukari. Nimeona mtu toka 6 kwenda 2.3 bila dawa yoyote ya mafuta, insulini yake tu ilirekebishwa na akaacha juisi ya miwa ya kila jioni.

Ikizidi 10 hiyo ni hatari ya kongosho, kongosho laweza kuvimba na mtu akalazwa hali mbaya, tumbo la juu linauma mpaka mgongoni na kutapika. Hapo daktari huanza na fibrati, dawa za kushusha trigliseridi, moja kwa moja.

Sasa sikiza vizuri. Fibrati ziko mbili zinazojulikana, fenofibrati na gemfibrozili. Ya kuchanganywa na statini ni fenofibrati. Gemfibrozili na statini haziwekwi pamoja, yazuia ini kuitoa statini, statini yajaa kwenye damu na misuli yaanza kuyeyuka. Si hadithi, mwaka 2001 statini moja iliyoitwa serivastatini iliondolewa sokoni duniani kwa sababu watu walikufa kwa kuharibika misuli, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliochanganya na gemfibrozili. Kwa hivyo ukiona mabokosi haya mawili kwenye kikapu kimoja usimeze, rudi kwa aliyekuandikia siku hiyo hiyo.

Na fenofibrati si ya kila mtu. Utafiti wa 2010 kwa wenye sukari, fenofibrati juu ya simvastatini, haukuonyesha faida kwa jumla yao. Kwa hivyo kama trigliseridi ni 2.5 na LDL ndo iko juu, pesa yako ipeleke kwenye LDL. Ukipewa fenofibrati meza na chakula na figo zipimwe.

Vidonge vya mafuta ya samaki vya madukani si ile dawa ya omega 3 iliyosafishwa ambayo hupewa gramu 4 kwa siku. Kula changu na dagaa, vidonge hivyo usivihesabu kuwa matibabu.

Hatua ya 6: tazama dawa zako zingine

Hapa ndipo nakuomba uwe mkali. Weka dawa zako zote kwenye mfuko, za presha, sukari, za miti, zote, zilete kwa mfamasia akuangalizie.

Amlodipini. Nusu ya wazee wa mtaa huu waimeza kwa presha. Pamoja nayo simvastatini isizidi miligramu 20. Narudia, ishirini. Simvastatini 40 na amlodipini 10 naiona kila mwezi na kila mwezi napiga simu kwa daktari. Atorvastatini na rosuvastatini hazina shida hiyo kubwa na amlodipini, mara nyingi dawa yake ni kubadilisha statini tu.

Dawa za kuua vijidudu (antibiotiki). Ukipewa klarithromaisini kwa kifua au koo, simvastatini yasimamishwa siku hizo, na atorvastatini hupunguzwa au kusimamishwa pia. Sema mapema, "nameza ya kolestro." Na dawa za kuvu zinazoisha na -konazoli hivyo hivyo uliza.

Wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi. Zenye ritonavia haziendi na simvastatini kamwe, na atorvastatini na rosuvastatini hupunguzwa dozi. Wanaotumia dolutegravia kwa upande wa statini wako sawa. Mwambie daktari wa moyo hata kama waona aibu, siri hii yaweza kukuumiza msuli.

Balungi. Wengi hawajui lakini juisi ya balungi nyingi yapandisha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Chungwa, ndimu na embe havina neno.

Figo zikiwa dhaifu sana rosuvastatini haipiti 10. Na wenzetu wenye asili ya Asia, na hapa Mombasa mko wengi, rosuvastatini huanzwa na 5 kwa sababu kwa wengi wao yajaa zaidi kwenye damu.

Mama mjamzito, anayetafuta mimba au anayenyonyesha, asiendelee na mchanganyiko huu kabla hajaongea na daktari, kwa wengi dawa hizi husimamishwa.

Hatua ya 7: misuli na ini

Misuli kuuma ndo sababu ya kwanza ya watu kuacha, na nataka kuisema kwa heshima kwa sababu maumivu ya mtu ni ya kweli. Lakini mwaka 2020 kule London walichukua watu 60 walioacha statini kwa maumivu, wakawapa kwa zamu mwezi wa statini, mwezi wa tembe tupu isiyo na dawa, mwezi wa bila kitu, na asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata na statini waliyapata pia na tembe tupu. Nusu yao walipoonyeshwa matokeo yao walirudi kwenye statini. Kwa hivyo ukisikia kauma kidogo usitupe dawa. Mwambie daktari, atabadilisha statini, atapunguza dozi na kuweka ezetimibi, au utameza siku moja moja. Njia ziko.

Kile cha kukimbilia hospitali usiku huo huo ni hiki: misuli yauma vibaya pande zote mbili, miguu haina nguvu kabisa ngazi huwezi, na mkojo umekuwa mweusi kama kahawa chungu ya mabrika. Acha statini, nenda. Macho kuwa manjano pia nenda.

Ini hupimwa kabla ya kuanza, na tena kama una dalili au umeongezewa fenofibrati. Vimeng'enya vya ini vikipanda kidogo si shida, vikipita mara tatu ya kiwango ndipo daktari husimamisha.

Hatua ya 8: saa ya kumeza, na Ramadhani

Simvastatini ni ya usiku. Atorvastatini, rosuvastatini na ezetimibi saa yoyote, kwa hivyo chagua saa usiyoisahau, wengi hapa wameweka baada ya isha na hawaruki tena. Ramadhani usiache, hizi ni dawa za mara moja kwa siku, meza baada ya tarawehe au wakati wa daku. Fenofibrati iweke na futari. Kama unatumia unga wa kolestiramini (dawa nyingine ya kolestro), ezetimibi imeze saa mbili kabla yake au saa nne baada yake, la sivyo ule unga waibeba yote ikatoka nayo.

Hatua ya 9: pima tena, halafu usiache

Baada ya kuanza au kuongeza dawa, pima tena kati ya wiki 4 na 12, mi husema miezi miwili ndo tarehe nzuri, iandike kwenye boksi. Ukishafika namba yako, kila mwaka mara moja au mbili. Kufunga kula kabla ya kupima siku hizi kwa wengi si lazima, ila kama trigliseridi yako ilipita 4.5, hapo funga, kwa sababu ile LDL ya hesabu, inayopigwa kutoka kwenye namba zingine za karatasi, haiaminiki trigliseridi zikiwa juu hivyo.

Na namba ikishuka usisimamishe. Kila mwezi mtu aniambia nimepona, LDL ni 1.3, nimeacha. Ni 1.3 kwa sababu umefunga mfereji na umemzuia mwenye mkokoteni, ukiwaachia tangi lajaa tena ndani ya wiki chache.

Yule mzee nilimpigia daktari wake nikiwa naye pale pale. Tukabakisha atorvastatini 40 ya usiku, ile ya rangi ya chungwa akaniachia, na utepe wa ezetimibi nikaufungua mimi, tembe zote za mwezi nikazibinya kutoka nikamtilia kwenye kichupa chenye kifuniko cha kusukuma. LDL yake siku hiyo ilikuwa 2.5. Wiki iliyopita karudi na karatasi mpya kaikunja mara nne kwenye mfuko wa kanzu, LDL 1.9, atorvastatini ni ndogo kuliko aliyokuwa akimeza mwanzo. Anatakiwa chini ya 1.4, kwa hivyo Jumanne ana miadi, daktari anataka kutazama kama ataipandisha 80 au ambadilishie rosuvastatini, na mi nishamwandikia kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi: amlodipini 10, kikohozi cha juzi alipewa klarithromaisini, ameimaliza Ijumaa.